Kipeperushi Kama Tahakiki: Usanifu wa Tangazo la Tamthilia Teule Katika Eldoret

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanzia pale jalada la kitabu linapofunguliwa. Tunapima ploti, wahusika, lugha na dhamira. Tukienda mbali sana tunaligusa jalada lenyewe kwa aya moja. Karatasi inayomleta mtazamaji ukumbini haiguswi kabisa. Inachukuliwa kuwa ni kazi ya biashara, isiyostahili jicho la mtu wa fasihi. Makala haya yanapinga msimamo huo. Yanadai kwamba kipeperushi kinachotangaza onyesho la tamthilia ni tahakiki ya tamthilia hiyo. Anayekisanifu huamua lipi lionekane kwanza, lipi lifuate na lipi liachwe; na kwa uamuzi huo amekwisha kuifasiri kazi ya mtunzi. Kwa hiyo mpangilio wake, yaani ukubwa wa herufi, mahali pa picha, rangi na nafasi, unapaswa kupimwa kwa swali lile lile tunalomwuliza mhakiki yeyote: je, umeitendea haki matini?

2. Muktadha

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, huhudumia shule nyingi za sekondari za Uasin Gishu na za kaunti jirani za Nandi, Elgeyo-Marakwet na Trans Nzoia. Chini ya mfumo wa 8-4-4, karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hutahini fasihi kwa alama 80, na tamthilia teule ni mojawapo ya nguzo zake. Hitaji hilo ndilo linalovilisha vikundi vya waigizaji vinavyozunguka shuleni na katika kumbi za miji vikiigiza vitabu teule. Kwa wanafunzi wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza, na pengine ya mwisho, kuiona tamthilia ya Kiswahili ikitoka kwenye karatasi na kusimama jukwaani.

Jambo la pili la kimuktadha ni la kiufundi. Katika uchapaji wa sahani, kila rangi ilidai sahani yake na gharama yake. Msanifu alilazimika kuchagua, na ulazima huo ulimfundisha nidhamu. Leo mchoro hutayarishwa kwa kompyuta na kuchapwa moja kwa moja. Rangi kumi hazimgharimu mteja zaidi ya rangi tatu, na aina mpya ya herufi hupatikana kwa kubonyeza mara moja. Kizuizi cha nje kimeondoka. Kilichobaki ni kizuizi cha ndani, yaani hukumu ya msanifu mwenyewe, na hapo ndipo uhakiki unapopata kazi.

3. Kipeperushi chenyewe

Kipeperushi tunachokihakiki kiligawiwa Eldoret kutangaza onyesho la Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Kikundi kilichokitoa hatutakitaja, kwa kuwa tunachokihakiki ni desturi nzima, na karatasi hii ni mfano wake tu. Ukubwa wake ni nusu ya karatasi ya A4, nayo imechapwa upande mmoja.

Sehemu ya juu imeshikwa na jina la kikundi, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Chini yake zimepangwa nyuso saba za waigizaji, zilizokatwa kutoka picha mbalimbali na kubandikwa bega kwa bega, kila moja ikiwa na mwanga wake. Uso mkubwa kuliko zote, ulio katikati, ni wa mwanamume aliyeinua chupa huku akicheka. Jina la tamthilia limepita kimshazari juu ya vifua vya waigizaji kwa rangi ya manjano, nalo hufifia kila linapokutana na shati jeupe. Upande wa kulia kuna nyota yenye miali mingi ambamo kiingilio kimeandikwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kumerundikwa tarehe, ukumbi, saa na nambari tatu za simu. Aina za herufi ni sita. Isipokuwa jina la tamthilia, maneno yote yako kwa Kiingereza. Jina la mtunzi halipo.

4. Mpangilio na maana

Tuanze na utaratibu wa kusoma. Jicho la msomaji wa karatasi hii hutua kwanza kwenye chupa, kisha kwenye nyota ya kiingilio, kisha kwenye jina la kikundi. Jina la tamthilia huja la nne, na huja kwa taabu. Wajibu wa kwanza wa tangazo, yaani kumjulisha mtu ni kitu gani kinachotangazwa, umekwama mahali pa nne.

Kosa hili lingekuwa la ufundi tu kama chupa isingekuwa na maana. Lakini ina maana. Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alichambua tangazo la bidhaa za Panzani na kuonyesha kwamba picha peke yake huelea katika maana nyingi. Maneno ndiyo yanayoitia nanga. Hapa nanga iliyopaswa kutumika ni jina Bembea ya Maisha. Bembea hupanda na kushuka. Anayeikalia leo yuko juu, kesho yuko chini. Tamthilia ya Arege inaifuata sitiari hiyo katika familia ya Sara na Yona: maradhi ya mama, uzito wa kumwuguza, ndoa ya Neema na Bunju, mabinti waliosomeshwa wakati jamii ikiwatazama wazazi wao kwa jicho la pembeni, mvutano wa maisha ya kijijini na ya mjini. Ulevi wa Yona umo, nao una uzito wake. Lakini ni uzi mmoja katika mkeka.

Kipeperushi kimeuchukua uzi huo na kuutandika kana kwamba ndio mkeka. Kwa kuikuza chupa na kukipunguzia nguvu kichwa cha tamthilia, kimeitafsiri kazi nzima kuwa kichekesho cha mlevi. Sara, ambaye ugonjwa wake ndio unaowakusanya wahusika wengine, ni uso mdogo kwenye ukingo wa kushoto, umefunikwa nusu na bega la jirani yake. Mwanafunzi anayeingia ukumbini akiwa na karatasi hii mkononi amekwisha kuambiwa ni nani wa kumtazama na ni wakati gani wa kucheka. Hiyo ni tahakiki, tena mbaya, na haikuandikwa kwa sentensi hata moja.

5. Kipimo cha kutumia

Swali linalofuata ni gumu zaidi: tunahukumu kwa kipimo cha nani? Mhakiki aliyesoma vitabu vya usanifu vya Ulaya atakuwa na jibu tayari. Tangu Jan Tschichold alipochapisha Die neue Typographie mwaka 1928, mafundisho mengi ya fani hiyo yamesifu nafasi tupu, herufi chache na ukurasa usiolemewa. Kwa kipimo hicho kipeperushi chetu kinaanguka mara moja, kwa sababu kimejaa.

Hatudhani kwamba hukumu hiyo inatosha. Watetezi wa desturi hii wana hoja ya kusikilizwa. Karatasi hii husomwa njiani, katika kelele za Barabara ya Uganda, na mtu anayekimbilia matatu. Nafasi tupu, ambayo kwa msomaji mmoja ni utulivu, kwa mwingine ni dalili ya ukata: kikundi kilichokosa cha kuonyesha. Nyuso nyingi zinaahidi waigizaji wengi, na mzazi anayetoa kiingilio ana haki ya kuahidiwa. Aidha, ujazo wenyewe si kasoro katika sanaa zetu za macho. Matatu zenyewe ni ushahidi.

Ushahidi ulio bora zaidi ni kanga. Wataalamu wetu wamezichambua methali na misemo ya kanga kwa miaka mingi, lakini wamezichambua kama maneno tu, kana kwamba hayakuchapwa mahali. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi. Pindo hujaa mapambo, na mji huweza kujaa vilevile. Kuna kanga ambazo hazina mahali patupu pa kuweka kidole. Hata hivyo jina husomeka, kwa sababu limetengewa mahali pake, sehemu ya chini ya mji, mara nyingi ndani ya kisanduku, kwa mstari mmoja na aina moja ya herufi. Hakuna ua linaloruhusiwa kulikanyaga. Hati imebadilika, kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kirumi, lakini kanuni ya kulitengea jina nafasi yake imedumu.

Tukikipima kipeperushi chetu kwa kanga badala ya kwa Tschichold, hukumu inabadilika sura. Kosa lake halitokani na kujaa. Limetokana na kutokuwa na mahali palipolindwa. Kila kipengele kimeruhusiwa kumkanyaga jirani yake: jina limekanyaga vifua, nyota imekanyaga bega, kivuli kimekanyaga herufi. Pindo, mji na jina vimechanganywa katika chungu kimoja. Msanifu hakuhitaji kusafiri hadi Ulaya kutafuta kanuni. Ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mama aliyepita mbele ya duka lake.

Kwa mintarafu hiyo tunaweza pia kuitazama kwa uangalifu nadharia ya Gunther Kress na Theo van Leeuwen katika Reading Images (1996), kwamba upande wa kushoto wa ukurasa hubeba lililokwisha kujulikana na wa kulia hubeba jipya. Wenyewe waliihusisha kanuni hii na jamii zinazosoma kutoka kushoto. Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kutoka kulia, na katika kanga jambo zito huwekwa chini, wala si kulia. Nadharia hiyo itufae kama swali, isitufunge kama sheria.

6. Lililo hatarini

Huenda msomaji akauliza kama karatasi itakayotupwa jioni inastahili mjadala wa namna hii. Tunataja mambo mawili.

La kwanza ni jina la mtunzi. Tangazo linaloacha jina la Arege linamfundisha mwanafunzi kwamba tamthilia teule huota yenyewe, kama swali la mtihani. Vyuoni tunalalamika kwamba wanafunzi wanaofika kwetu wanajua dondoo na muktadha wake lakini hawajui kwamba kuna mtu aliyeketi akaandika. Tumelaumu miongozo na mitihani. Tuilaumu pia karatasi hii, maana imewafikia mapema kuliko sisi.

La pili ni lugha. Onyesho la Kiswahili, la kitabu cha Kiswahili, kwa watahiniwa wa Kiswahili, limetangazwa kwa Kiingereza. Na mpangilio unaongeza uzito wa chaguo hilo: Kiingereza kimepewa mahali pa habari zinazoaminika, yaani fedha, saa na mahali, na Kiswahili kimeachiwa pambo la mshazari linalofifia. Mwanafunzi hahitaji kuelezwa daraja hilo. Ameliona.

7. Hitimisho

Marekebisho tunayoyapendekeza si ya gharama. Jina la tamthilia na la mtunzi litengewe kisanduku kimoja kisichoguswa na picha. Nyuso saba zibaki, kama kikundi kinazitaka, lakini zizunguke kama pindo, na katikati awekwe Sara pamoja na wanaomzunguka. Chupa ipewe ukubwa unaolingana na nafasi yake katika hadithi. Herufi ziwe za aina mbili. Tarehe, ukumbi na kiingilio viandikwe kwa Kiswahili, kwa ukubwa ambao mzazi mwenye macho ya uzee ataweza kuusoma.

Idara zetu nazo zina wajibu. Tunafundisha kozi za tamthilia na za mitindo. Hakuna kinachotuzuia kuleta darasani vipeperushi vitano vya onyesho moja na kuwauliza wanafunzi ni kipi kilichoisoma tamthilia. Baadhi ya wanafunzi hao ndio watakaounda vikundi vya kesho, na wengine ndio walimu watakaopokea karatasi hizi langoni mwa shule na kuamua kama watoto wapelekwe. Mwalimu aliyezoea kuuliza jina la mtunzi liko wapi atavilazimisha vikundi kuliandika.