Saadi na Jami katika Ukurasa Mmoja: Nakala ya Bustani ya Herat

Uhakiki wa mashairi ya Kiajemi mara nyingi hushughulikia maneno peke yake, na kuuhesabu mwandiko kuwa vazi tu la shairi. Nakala ya Bustani ya Saadi iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Misri, mjini Cairo, inaipinga rai hiyo.

Saadi wa Shiraz alikamilisha Bustani mwaka 1257. Nakala hii ilitengenezwa Herat mwaka 1488, yaani 893 Hijria, kwa ajili ya Sultani Husayn Bayqara. Aliyeandika khati ni Sultan Ali Mashhadi. Mchoraji ni Bihzad. Khati hiyo ni nastaliki: maneno huteremka kidogo kuelekea kushoto kana kwamba yametundikwa, na wino wa kalamu ya tete hunenepa katika mikunjo mirefu, kisha hukonda mwishoni. Jicho husoma beti bila kukwama.

Mvutano unaanza katika picha ya Yusufu na Zulekha. Saadi, katika sura ya toba, anakisimulia kisa hicho kwa ufupi. Zulekha anaifunika sanamu yake ya jiwe kwa kuiona haya; Yusufu naye anamwuliza vipi yeye asimwonee haya Mungu. Shabaha ya Saadi ni haya. Lakini kinachotawala picha ya Bihzad ni jumba la vyumba vingi, milango iliyofungwa na ngazi zinazopindana, huku Yusufu akimponyoka Zulekha. Jumba hilo halimo katika shairi la Saadi. Limo katika Yusufu na Zulekha ya Jami, mshairi aliyeishi Herat hiyo hiyo na kulikamilisha shairi lake mwaka 1483. Bihzad hakulificha jambo hilo: beti za Jami zimeandikwa kwenye jengo lenyewe, ilhali za Saadi zimewekwa katika visanduku vyake.

Hivyo ukurasa mmoja una wasemaji wawili. Saadi anauliza binadamu amwonee nani haya. Jami anauliza atatokaje mahali palipofungwa.

Yaweza kudaiwa kwamba mchoraji amemdhulumu Saadi, kwa kuwa fahari ya jumba imelifunika fundisho lake. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, mwandiko ndio unaomrudishia Saadi haki yake, kwani visanduku vyake vinalikata jengo na kumlazimisha mtazamaji awe msomaji. Toleo la chapa lenye maneno ya Saadi pekee huufuta mjadala huo wote.

Somo hili lawahusu pia wahariri wa tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kuzihamishia katika herufi za Kilatini ni kazi ya lazima. Lakini mpangilio wa mishororo, rangi za wino na maandishi ya pambizoni visipoelezwa, msomaji hupewa shairi na kunyimwa ushahidi wa jinsi wenyewe walivyolisoma.