Nukta Mbili Zilizofutwa Macalder

Katika zoezi la kujiandaa kwa karatasi ya tatu ya fizikia, yaani mtihani wa vitendo wa KCSE, lililofanyika katika shule moja ya Macalder, watahiniwa waliunganisha saketi ipasavyo, wakasoma mita kwa jicho lililonyooka na kujaza jedwali bila dosari. Kosa kubwa lilitokea baadaye, nalo halikuwa lao.

Jaribio lilihusu ukinzani wa ndani, yaani kizuizi ambacho mkondo wa umeme hukutana nacho ndani ya seli kavu yenyewe kabla ya kufika kwenye waya. Kadiri mkondo unavyoongezwa, ndivyo volteji kwenye ncha za seli inavyopungua, na kwa hiyo grafu hutarajiwa kuwa mstari ulionyooka unaoshuka, ambao kiasi cha mwinamo wake ndicho ukinzani unaotafutwa. Nukta mbili za mwisho ziliangukia chini ya mstari, na mwalimu akaamuru zifutwe na kuandikwa upya mahali "zilipopaswa" kuwa.

Amri hiyo iliharibu zoezi zima, kwa sababu nukta zile zilisema kweli. Swichi ilikuwa imewashwa tangu kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, kama kila aliyekuwepo alivyoona, na seli inayotoa mkondo bila kupumzika hukusanya gesi ya haidrojeni kwenye kijiti chake cha kaboni upesi kuliko manganizi dioksidi inavyoweza kuiondoa, hata volteji ikashuka, ingawa hupanda tena seli ikipumzishwa. Grafu ilikuwa imeonyesha uchovu wa seli, lakini watahiniwa wakaambiwa kwamba ni jicho lao lililokosea, na alama ya uzembe wa swichi ikafutwa kwa kifutio.

Georg Ohm alikabiliwa na tatizo hilohilo miaka ya 1820, kwa kuwa betri za zama zake ziliyumba, naye hakupika vipimo. Mwaka 1826 alibadilisha chanzo chenyewe cha umeme, akatumia jozi ya bismuthi na shaba, kiungo kimoja kikiwa katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Inasikitisha kwamba somo hilo limesahaulika Macalder, mahali palipochimbwa shaba. Karibu zaidi na nyumbani, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyeona mwaka 1963 mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa, aliambiwa na mwalimu kwamba amechanganyikiwa, lakini hakukifuta alichokiona, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne walichapisha matokeo yao, ambayo wanafizikia wanayajadili hadi leo.

Chanzo cha amri kama ile ni mazoea ambayo safu hii imeyalaumu mara nyingi: orodha ya siri ya vifaa, ambayo Baraza la Mitihani huitoa mapema ili maabara itayarishwe, hugeuzwa kuwa kitendawili cha kubashiri swali, na jibu lililobashiriwa hupewa heshima kuliko mita. Karatasi yenyewe ina alama 40 kwa saa mbili na nusu, muda unaotosha kuwasha swichi wakati wa kusoma tu, kuizima ili seli ipumzike, kisha kurudia kipimo cha kwanza mwishoni. Volteji ikiwa chini kuliko ya awali, seli imechoka, na vipimo huchukuliwa upya kwa seli mpya.