Okidi na Tawi Lililoanguka

Anayetaka kuziona okidi za Gusii asitazame chini. Nyingi huishi juu, kwenye panda za miti mikuukuu iliyosalia kando ya mito na kwenye miteremko ya Manga. Watu hudhani zinaunyonya mti. Sivyo. Zinaushika tu, zikanywa mvua na ukungu, na kula majani yanayooza kwenye gamba.

Utazame mzizi wa okidi kwa karibu. Ukikauka huwa mweupe kama chokaa. Unyunyizie maji, na hujaliweka kopo chini umekwishageuka kijani. Ganda lake la nje limejaa seli tupu zinazofyonza kila tone linalopita. Okidi nyingine, kama Aerangis thomsonii ya nyanda za juu za Kenya, huchanua maua meupe yanayonukia jua likishazama, yenye mkia mrefu wa asali unaomngoja nondo mwenye ulimi wa kuufikia.

Kuikuza okidi kwa mbegu ni kazi ya maabara. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula, na huko msituni isipokutana na kuvu inayofaa haiwi mche. Mfaransa Noël Bernard aliligundua hilo mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaziotesha ndani ya chupa kwa sukari, bila kuvu yoyote. Sisi wa shambani tuna tawi lililoanguka.

Mvua ikivunja tawi, au jirani akiangusha mti apate mbao, okidi huanguka nalo, na ikiachwa chini huoza. Hiyo ndiyo ya kuokota. Mkuzaji hodari haibandui. Hukata kipande cha tawi pamoja nayo, akakifunga kwenye mti ulio hai kwa kamba ya mgomba, upande usiochomwa na jua la mchana. Hatii udongo wala samadi. Kamba ya mgomba inafaa kuliko waya: huoza yenyewe, na kufikia hapo mizizi mipya imeshashika. Kisha ni kungoja ncha ya kijani itokeze kwenye mzizi. Mvua yetu, inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Mti wenyewe ndio nusu ya ufundi. Mparachichi wa zamani unafaa, na mti tunaouita omotembe, wenye gamba nene, unafaa zaidi. Mkaratusi haufai: gamba lake huambuka, na kilicholishika huanguka nalo. Ndiyo maana kilima kilichojaa mikaratusi kinaweza kuwa kijani toka chini hadi kileleni na kisiwe na mahali pa okidi hata moja.

Naupenda ufundi huu kwa sababu mkono wa pupa hauwezi kuufanya. Anayekwea mti ulio hai akazibandua okidi ili akaziuze barabarani si mkuzaji, hata zikichanua kwake.

Ndugu yangu wa Kitutu, Nyaribari au Mugirango, siku utakapoangusha mti mkuukuu, pitia matawi yake kabla hujawaita wapasua kuni. Ukiona mizizi minene ya kijivu imeng'ang'ania gamba, kata kipande hicho cha tawi, ukakifunge siku hiyohiyo kwenye mparachichi wako, upande wa kivuli.