Ushindi Usionunuliwa

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila kijana apendaye michezo ya video, kwa maana katika michezo hiyo upya husifiwa kuliko sifa nyingine zote. Kila mwaka hutoka toleo jipya, na kila toleo hutangazwa kuwa bora kuliko lililotangulia. Mimi nimeipenda michezo hii tangu utoto wangu, na sasa kazi yangu ni ualimu. Kwa hiyo nakualika, msomaji, tuipime kama tupimavyo kitabu au tamthilia: kwa hoja, wala si kwa kelele za wauzaji.

Kwanza yatupasa kujua mchezo ni nini. Utazame mchezo wa bao, ambao ni mkongwe kuliko umeme. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji hupata nusu yake. Tajiri akiketi kumkabili mchunga mbuzi, hawezi kutoa kete ya ziada mfukoni mwake. Mali yake huiacha nje ya kivuli cha mti, na akishinda, ameshinda kwa akili yake. Hili ndilo agano la mchezo: washindani waanze sawa, na mwisho uamuliwe na ustadi. Agano hilo likivunjwa, kinachobaki chaweza kuwa na rangi za kupendeza, lakini si mchezo tena.

Michezo ya zamani ya vyombo vya umeme ilitunza agano hili barabara. Mwaka 1997 kampuni ya Nokia, ya nchi ya Ufini, ilitia mchezo wa nyoka katika simu yake, na simu zilipoenea vijijini Ukambani nyoka huyo alikuja nazo. Nyoka alikula, akarefuka, na urefu wake mwenyewe ukawa hatari yake. Mchezo haukuwa na rangi wala muziki. Hata hivyo ulikuwa na wazo moja lililokamilika, kama methali ilivyo na wazo moja, na nyoka wa chifu hakuwa na nguvu kuliko nyoka wa mtoto wa kibarua.

Baadaye ukaja mchezo wa kandanda ulioitwa Pro Evolution Soccer, kazi ya kampuni ya Konami ya Japani. Katika miji yetu, kama Kitui, Mwingi, Wote na Emali, vijana waliuchezea katika vyumba vidogo vyenye televisheni na mashine ya PlayStation. Mtu alilipa ada ya mechi moja. Aliyefungwa aliinuka, akampisha mwenzake. Mchezo huo ulikuwa na kasoro za wazi. Kwa kuwa timu nyingi hazikuwa zimetoa idhini ya majina yao kutumiwa, Liverpool iliitwa “Merseyside Red”. Lakini mchezo uliruhusu majina na jezi kurekebishwa, na vijana wenye subira walisahihisha timu nzima, herufi moja baada ya nyingine, ili wengine wafurahie. Kasoro ya mtengenezaji ikawa kazi ya ushirika.

Sasa tutazame yaliyofuata. Mwaka 2021 Konami iliacha jina lile la zamani, ikatoa mchezo uitwao eFootball. Siku za mwanzo wachezaji wa dunia nzima waliucheka, kwa maana nyuso za wanasoka mashuhuri zilitokea zimepotoka, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Watu wengi wakadhani kwamba nyuso zile ndizo zilizokuwa aibu yake. Mimi sidhani hivyo. Uso uliopotoka hunyoshwa, na hizo zilinyoshwa. Aibu kubwa zaidi ilikuwa kwamba mchezo ulitolewa bure, kisha ndani yake kukafunguliwa duka.

Duka hilo halikuanzia Japani peke yake. Kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, iliyotoa mchezo wake wa kwanza wa FIFA mwaka 1993, ilianzisha mwaka 2009 sehemu ambamo mchezaji hujiundia kikosi kwa kufungua pakiti. Pakiti hununuliwa kwa fedha, na mnunuzi hajui atamkuta nani ndani yake: huenda akampata mshambuliaji hodari, huenda akapata watu asiowahitaji. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kamari nchini Ubelgiji waliamua kwamba biashara ya namna hii ni kamari, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaacha kuuza huko fedha za kununulia pakiti. Uamuzi huo wastahili kufikiriwa na kijana wa Makueni au Kitui, ambaye shilingi mkononi mwake huenda imetokana na gunia la ndengu au kikapu cha maembe. Mvua ya kwetu ni haba, na shilingi ile imetoka jasho. Yapotelea wapi? Katika picha ya mwanasoka ambaye, toleo jipya likitoka mwakani, hatakuwa na thamani.

Ubovu huu haukuishia katika mchezo, umewafikia wachezaji. Katika chumba kile kidogo, mtu aliyetukana aliwatazama aliowatukana, na kesho angekutana nao sokoni. Haya ilimzuia. Leo mshindani ni jina tu kutoka nchi ya mbali. Wako wanaokata mawasiliano wanapoona wanashindwa, na wako wanaomtusi mshindi ingawa hawajui hata umri wake. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nasi hatuwezi kustaajabu: aliyefundishwa kwamba ushindi ni bidhaa huona kushindwa kuwa ni kuibiwa.

Yamkini utanijibu, msomaji, kwamba kila mtu mzima husifu ujana wake. Jibu hilo lina haki yake. Michezo mipya ina uzuri ambao ya zamani haikuuota: nyasi hutikisika, watazamaji huimba, na kijana wa Mutomo mwenye simu aweza kucheza na mwenzake wa Mombasa bila nauli. Hali kadhalika, mchezo wa bure humfikia yule ambaye hangeweza kununua mashine. Sikatai hata moja ya hayo. Wala vyumba vile havikuwa madrasa. Wengi walipoteza humo saa za masomo na fedha za karo. Lakini hoja yangu haitegemei kumbukumbu. Ungeniletea leo mchezo mpya kabisa ambao wote huanza sawa, ningeusifu mbele ya darasa. Na ungeniletea wa zamani uliouza ushindi, ningeulaumu vivyo hivyo.

Basi usiuchague mchezo kwa sababu ni mpya, wala usiuache kwa sababu ni wa kale. Uulize swali ambalo bao hulijibu bila maneno: je, asiye na fedha aweza kumshinda mwenye fedha hapa, akiwa na ustadi zaidi? Ikiwa aweza, keti ucheze, na ukifungwa mpishe mwenzako kwa heshima. Ikiwa hawezi, ulichoshika mkononi ni duka lililovaa jezi, na huko dukani wewe si mchezaji, u mnunuzi.