Uhakiki wa Dumu la Oili

Shuleni tulifundishwa kwamba kila kazi ya fasihi ina fani na maudhui, na kwamba mhakiki mwema havutwi na fani hata akasahau kuuliza maudhui yako wapi. Mafunzo hayo wengi wetu tuliyaacha kwenye chumba cha mtihani. Mimi nimeyakumbuka dukani, mbele ya rafu ya vipuri, kwa sababu maandishi yanayosomwa kwa hasara kubwa kuliko yote katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang si riwaya wala diwani ya mashairi. Ni maandishi ya kwenye dumu la oili ya injini. Anayenunua riwaya mbovu hupoteza jioni mbili. Anayelisoma vibaya dumu la oili aweza kupoteza gari.

Na gari huku kwetu si pambo. Chukua Noah ya miaka ya 1990, ile yenye injini ya petroli ya 3S. Ilitumika Japani miaka kadhaa kabla ya kupakiwa melini, na tangu ifike imebeba vitunguu saumu vya Mbulu, maharage, wagonjwa wa Haydom na watu wa mnada wa Katesh. Mita yake inasoma kilomita 300,000, nayo mita yenyewe si ya kuapia. Gari la namna hiyo ndilo linalolipa ada ya watoto watatu. Ninalo moja, ndiyo maana nimejipa kazi ya uhakiki huu. Swali ni moja: mwenye injini kuukuu na mfuko mwepesi, je, anunue oili ya sintetiki ya bei nafuu inayotandazwa siku hizi madukani, au abaki na oili ya kawaida?

Tuanze na fani. Mbele ya dumu pana rangi ya dhahabu, gari la mashindano linaloruka, na neno moja kubwa kuliko mengine yote: sintetiki. Wengine huongeza "kamili", kana kwamba ipo pia sintetiki pungufu. Maudhui yako nyuma, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, mahali ambapo kidole cha muuzaji hakifiki anapokuonyesha bidhaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kila chenye dhahabu mbele ni kibaya, la hasha. Nasema dhahabu hiyo haijatuambia lolote bado.

Neno "sintetiki" lenyewe lina historia ambayo mnunuzi anastahili kuijua. Hapo awali lilimaanisha oili ambayo kiini chake kimetengenezwa kiwandani kwa kuunganisha kemikali, si kuchujwa tu kutoka mafuta ghafi. Baadaye wenye viwanda walipata njia ya kuyabadili mafuta ghafi yenyewe kwa haidrojeni na joto kali, yakatoka safi mno. Wataalamu huyaweka mafuta hayo katika Kundi la Tatu, na yale ya kuunganishwa katika Kundi la Nne. Castrol walipoanza kutumia Kundi la Tatu na kuliita sintetiki, Mobil walilalamika mbele ya chombo cha Marekani kinachosuluhisha migogoro ya matangazo, National Advertising Division. Mwaka 1999 chombo hicho kiliamua kwamba Castrol wanayo haki ya kulitumia neno hilo. Tangu hapo neno likapanuka, na oili nyingi za sintetiki za bei nafuu ni za Kundi la Tatu. Si udanganyifu, na oili yenyewe si mbaya. Lakini msomaji aelewe kwamba neno kubwa kuliko yote kwenye dumu ndilo lenye mipaka milegevu kuliko yote.

Sasa tugeuze dumu. Nyuma, na mara nyingine mbele pembeni, tutakuta namba kama 5W-30, 10W-40, 15W-40 au 20W-50. Wazee wetu waliozoea kuomba "oili namba 40" wanaijua namba ya pili. Hiyo ndiyo inayoeleza uzito wa oili injini ikiwa moto, nayo hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inahusu majira ya baridi ya nchi za theluji. Ili oili iitwe 15W lazima ipimwe jinsi inavyoruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Baridi ya Mbulu ya mwezi Julai tunaijua, inatuvalisha makoti mpaka saa nne asubuhi. Hata hivyo haigandishi maji kwenye ndoo uani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa inayoimbwa na herufi ile ni ya baridi isiyotufikia. Ni kweli oili nyepesi hufika juu ya injini upesi zaidi asubuhi, na hilo lina faida yake hata huku. Lakini tusilipe bei ya theluji tusiyo nayo.

Baada ya namba huja herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Herufi S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata hueleza kizazi. SL ilikuja mwaka 2001, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele, ndivyo majaribio ya uchakavu na matope ya injini yanavyokuwa makali, na kwa kawaida kizazi kipya huweza kutumika kwenye injini ya zamani. SF, kwa mfano, API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Nimepata kushika dumu lililoandikwa sintetiki mbele kwa herufi za dhahabu, na nyuma likakiri kwa unyonge kuwa ni SF. Huo ndio mgongano wa fani na maudhui ambao mwalimu angeupigia mstari mwekundu. Mafuta ya kawaida yenye SN ni bora kwa Noah yangu kuliko sintetiki yenye SF.

Mhakiki atazame na kitenzi. Madumu mengi husema oili "inakidhi" au "inazidi" kiwango fulani. Anayesema hivyo ni mtengenezaji mwenyewe, na shahidi wake ni yeye. Lile duara la API lenye namba katikati ni jambo jingine, kwani hutolewa kwa leseni na orodha ya wenye leseni yaweza kutazamwa kwenye intaneti. Alama ya TBS nayo itafutwe, si kwa uzalendo tu, bali kwa kuwa pana wajanja wanaojaza oili chafu iliyochujwa katika madumu matupu. Kizibo kisiwe kimefunguliwa, na wewe ukishamimina, toboa dumu lako.

Hata tukiyasoma hayo yote sawasawa, bado dumu lina upungufu mmoja mkubwa, nao ndio kiini cha uhakiki wangu. Linajisemea lenyewe tu. Halijui injini itakayoinywa. Fundi mmoja kijana aliniambia, "Mwalimu, weka sintetiki, injini irudi ujana." Nikamwuliza, "Fundi, umeshaangalia stiki?" Akacheka, maana alikuwa hajaivuta. Hakuna oili inayorudisha ringi zilizolika. Oili hulinda kilichobaki.

Stiki basi ndiyo maandishi ya kwanza kusomwa. Asubuhi, gari likiwa limesimama pahali sawa na injini imepoa, jaza mpaka alama ya juu. Tembea kilomita 1,000. Pima ni kiasi gani kinatakiwa kuirudisha pale pale. Tena sisi tuna kipimo kingine ambacho watu wa tambarare hawana, nacho ni mlima Magara. Gari likishuka kutoka nyanda za Mbulu kuelekea bondeni, dereva ameachia mafuta na injini ndiyo inayolizuia, kisha akikanyaga tena ukatoka moshi wa buluu wa ghafla, shaka iwe kwenye sili za valvu. Moshi huo ukitoka wakati wa kupanda na mzigo, mfululizo, shaka iwe kwenye ringi. Sili hubadilishwa kwa gharama ndogo ukilinganisha na kufungua injini nzima. Na kama hapana moshi lakini pana matone chini ya gari kila asubuhi, hiyo ni kazi ya gesketi na sili za nje.

Tufanye hesabu. Injini hiyo huchukua kama lita 4. Ikiwa inakula lita 1 kila kilomita 1,000, na unamwaga oili kila kilomita 5,000, basi utakuwa umenunua lita 9, na 5 kati ya hizo zimeondoka, zaidi ya nusu. Sifa kuu ya sintetiki ni kukaa muda mrefu bila kuharibika. Kuna faida gani kulipia maisha marefu ya kitu ambacho hakitaishi? Kwa injini hiyo mimi nasema bila kusita: oili ya kawaida ya 15W-40, au 20W-50 ikiwa kitabu cha gari kinairuhusu, yenye herufi za API zinazoeleweka, na kiasi kilichosalia kinunue filta mpya kila mara, na lita moja ya akiba nyuma ya kiti. Injini hufa kwa kukosa oili upesi kuliko inavyokufa kwa oili ya kawaida.

Ikiwa stiki haishuki ila kidogo, hukumu inabadilika, nami sitaki kuidhulumu sintetiki. Oili hiyo hustahimili joto kuliko ya kawaida, na huchelewa kugeuka matope. Gari linalopanda Magara kwa gia ya kwanza likiwa na abiria saba na magunia juu linapata joto la kutosha kuihitaji sifa hiyo, ambayo ni tofauti na ile ya baridi. Kwa injini isiyokula oili, sintetiki ya bei nafuu ya 10W-40 au 5W-40, ya SL kwenda juu, ni fedha iliyotumika vema. Ila ahadi ya kilomita 10,000 kati ya kumwaga na kumwaga ni ya barabara safi. Kwa anayeiacha lami ya Katesh akaingia njia za vumbi, naona ni salama kumwaga mapema na kuitazama filta ya hewa mara nyingi. Na wenye magari ya karibuni, ambayo valvu zake huendeshwa kwa mgandamizo wa oili, wasikimbilie oili nzito kwa kuiga jirani. Wafuate kitabu cha gari.

Ipo pia hofu kwamba sintetiki huvujisha injini kuukuu. Hofu hiyo ina asili, kwani baadhi ya oili za mwanzo ziliidhuru mipira ya sili. Za sasa zina viungo vya kuilinda. Linaloweza kutokea ni kwamba oili yenye nguvu ya kusafisha huondoa utando uliokuwa umeziba ufa wa zamani, ufa ukaonekana. Kwa hiyo injini yenye matope ibadilishwe mapema mara ya kwanza, baada ya kilomita 1,000 au 2,000, pamoja na filta, ili uchafu uliolegezwa utoke.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama maandishi, dumu la oili lina fani ya kupendeza na maudhui yaliyofichwa. Linawatukuza watengenezaji na kumnyamazia mtumiaji, na kwa mtu wa Basotu au Dongobesh asiyesoma Kiingereza halisemi kitu. Ningependa kuona siku moja mistari mitatu tu ya Kiswahili mbele yake: uzito wa oili, kizazi cha API, na swali hili, "Injini yako inakula kiasi gani?" Mpaka siku hiyo, ndugu msomaji, mwenye duka akikuuliza unataka oili gani, usimjibu kabla hujavuta stiki.