Mstari Mmoja wa Haymarket

Miongoni mwa vielelezo vilivyoletwa mahakamani Chicago katika kiangazi cha 1886, kwenye kesi ya bomu la Haymarket, kulikuwa na kipeperushi cha mistari michache, kilichowaita wafanyakazi kwenye mkutano wa hadhara Haymarket, jioni ya tarehe 4 Mei. Kimezoeleka kusomwa kama ushahidi. Kinastahili kuhakikiwa kama utungo pia, maana fani yake ilichangia hukumu iliyofuata.

Tuanze na umbo. Karatasi ina sehemu mbili: Kiingereza juu, Kijerumani chini. Sehemu ya pili si muhtasari wa ya kwanza. Wito, saa, mahali, sababu na sahihi vinarudiwa kwa mpangilio uleule. Wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wengi katika viwanda na karakana za Chicago, na gazeti lao, Arbeiter-Zeitung, lilikuwa mstari wa mbele katika harakati za wafanyakazi. Kabla msomaji hajafikia hoja yoyote, mpangilio umeshamwonyesha kwamba wito ni wa jamii zote mbili, na hakuna iliyopunjwa maelezo.

Herufi nazo zina ngazi. Kubwa kabisa zinatangaza mkutano. Sababu yake imebanwa katika sentensi moja: wasemaji hodari watalaani kitendo cha polisi kuwapiga risasi wafanyakazi wenzetu jana yake, yaani katika ghasia za kiwanda cha McCormick. Siku ya kazi ya saa nane haitajwi popote, ingawa ndiyo iliyowaingiza maelfu mgomoni tangu Mei 1. Ukimya huo ni wa makusudi ya kisanaa au umetokana na haraka tu, lakini unafanya kazi: mtunzi anazungumza na watu waliokwisha kuwa ndani ya mgomo.

Uzito mkubwa wa utungo uko kwenye mstari wa mwisho kabla ya sahihi. Hadi hapo lugha ni ya taarifa: mkutano utakuwa saa fulani, wasemaji watafanya jambo fulani, na kazi ya hadhira ni kusikiliza. Ghafla inaingia amri: wafanyakazi wajizatiti kwa silaha na wafike kwa wingi. Aliyeutia mstari huo ni Adolph Fischer, mpanga herufi wa Arbeiter-Zeitung. August Spies, mhariri wa gazeti hilohilo, alipouona alikataa kuhutubia mpaka uondolewe. Ukaondolewa, na sehemu kubwa ya nakala kama 20,000 ikatoka bila huo mstari. Nakala mia kadhaa zenye mstari zikasambaa hata hivyo.

Ukilinganisha matoleo mawili, unaona kwamba la pili halina pengo. Saa, mahali na sababu vimebaki, na mantiki haijakatika. Hata hivyo, haitakuwa haki kumwona Fischer kama mtu aliyepachika kiraka kigeni. Neno wenzetu, likiwekwa karibu na risasi, lilishapandisha hasira, na wito wa nidaa ulikuwepo tangu kichwani. Mstari wake unakamilisha hisia za utungo huku ukivunja dhamira yake. Spies alihariri kwa kufuata dhamira. Fischer alitunga kwa kufuata hisia.

Mwendesha mashtaka alishika toleo la Fischer. Hata hivyo, Meya Carter Harrison alikuwa amehudhuria mkutano na kuuona wa amani. Bomu lilirushwa polisi walipofika kuwatawanya watu, na aliyelirusha hajajulikana hadi leo. Hapo ndipo sahihi inapopata uzito. Kipeperushi hakina jina la mtu: kimetiwa sahihi ya kamati tendaji. Kwa wafanyakazi hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya umoja, kwani mwajiri hakuweza kumchagua mmoja wa kumfukuza. Lakini shtaka la mauaji lilijengwa juu ya hoja ya kula njama, na katika njama kauli ya mmoja huhesabiwa kuwa ya wote. Tarehe 11 Novemba 1887 washtakiwa wanne walinyongwa, Fischer na Spies wakiwamo. Gavana John Altgeld aliwasamehe watatu waliosalia gerezani mwaka 1893, na katika uamuzi wake akalaumu namna kesi ilivyoendeshwa. Sheria ilikuwa imewahukumu kwa adhabu moja aliyeandika mstari na aliyeufuta.