VisualEditor na Mzigo wa Mwenye Wiki

VisualEditor, chombo cha kuhariri ukurasa wa MediaWiki kama uonekanavyo, husifiwa kwa kumwondolea mwandishi adha ya mabano na alama. Sifa hiyo ni ya haki, ila ni nusu ya habari. Nyuma yake yumo mkalimani, Parsoid, afasiriye alama hizo kuwa HTML na kuzirejesha bila kuvuruga zisizoguswa (wafasiri wangapi wa vitabu waliweza hayo?). Hadi toleo la 1.34, mkalimani huyo aliendeshwa kando, kwa Node.js. Mwenye wiki ndogo, aliyepanga nafasi katika seva ya wengine, aghalabu hakuweza kumweka. Waandishi wake wakabaki na mabano. Toleo la 1.35 la mwaka 2020 ndilo lililomtia Parsoid, akiwa ameandikwa upya kwa PHP, ndani ya MediaWiki yenyewe. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuwafungulia waandishi wake chombo hicho mwaka 2013.